Mimba ya Kweli na Mimba ya Uongo ya Sungura

Somo kwa wafugaji wa vijiji vya Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kambove

Ninyi mnaofuga sungura, sikilizeni vizuri somo hili, maana ni jambo la chakula cha nyumba zenu na la fedha zenu. Katika vijiji vilivyo karibu na migodi nyama ya porini imekuwa haba, na kipande cha nyama ya sokoni ni ghali kwa mtu mwenye mshahara mdogo. Sungura ni mnyama wa kufaa sana hapo. Hataki shamba kubwa, anakula majani, na jike mmoja aliyetunzwa vema anaweza kuzaa mara nne au tano kwa mwaka, kila mara watoto watano, sita au zaidi.

Lakini wafugaji wengi wanakutana na jambo linalowashangaza. Jike amepelekwa kwa dume. Siku zinapita. Jike anakataa dume, anachukua majani makavu kinywani, anajenga kiota, ananyonyoa manyoya ya kifua chake, na pengine maziwa yanaonekana. Mwenyewe anafurahi. Asubuhi anatazama kiotani, na haoni hata mtoto mmoja.

Ndipo maneno mabaya yanapoanza. Huyu anasema, "Jike amekula watoto wake." Yule anasema, "Mtoto wa jirani ameiba." Mwingine anasema, "Kuna mtu mwenye kijicho aliyetufungia mifugo." Mwisho jike anachinjwa, naye alikuwa mzima kabisa, na majirani wawili wanabaki na chuki kwa ajili ya watoto wa sungura ambao hawakuwako hata siku moja.

Jike huyu alikuwa na mimba ya uongo. Si ugonjwa, si wizi, wala si uchawi. Ni kazi ya mwili wake. Mtu akiijua kazi hiyo na akijua kuhesabu siku, hataipata hasara hii.

FUNGU LA KWANZA: SUNGURA SI KALULU

Kwanza tutenganishe wanyama wawili. Kalulu wa porini, yule wa hadithi zetu za jioni, si sungura wa kibandani. Watoto wa kalulu wanazaliwa na manyoya na macho wazi, nao wanaweza kukimbia upesi. Sungura wa kufugwa asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, naye anazaa watoto walio uchi, vipofu, wasioweza kujitafutia joto. Kwa hiyo mama yao hujenga kiota na kukitandika kwa manyoya yake mwenyewe. Kumbukeni kiota hiki, maana ndicho kinachowadanganya watu katika mimba ya uongo.

FUNGU LA PILI: YAI LA SUNGURA HUTOKA LINI?

Ng'ombe na mbuzi wana majira yao. Yai la ng'ombe hutoka kila baada ya siku 21 hivi, hata kama hakuna dume malishoni. Sungura si hivyo. Mayai yake hukomaa ndani ya ovari, yakakaa yakingoja. Hayatoki mpaka jike apandwe. Akiisha kupandwa, habari inafika kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hii humwaga ndani ya damu homoni iitwayo LH, nayo damu huipeleka mpaka kwenye ovari. Saa 10 hadi 12 baada ya kupandwa, mayai hutoka.

Neno homoni maana yake ni hii: ni kitu kinachotengenezwa na tezi ya mwili na kuchukuliwa na damu, kupeleka amri mahali pengine pa mwili. Mfano wake ni mtu wa mbio anayetumwa na chifu kwenda kijiji cha mbali. Chifu hatoki nyumbani, lakini kijiji kinafanya kazi kwa sababu amri imefika.

Sasa angalieni jambo kubwa la somo hili. Amri ya kutoa mayai haiulizi kama dume ni mzima au mgumba. Haiulizi hata kama aliyempanda jike ni dume. Jike akipandwa na jike mwenzake, ubongo unaweza kutuma amri ile ile, na mayai yanatoka. Lakini mayai hayo hayana mbegu ya kuyapa uhai. Yanaishi saa chache tu, kisha yanakufa.

FUNGU LA TATU: HOMONI INAYOSHIKA MIMBA

Kila mahali yai lilipotoka katika ovari panabaki kidonda kidogo. Kidonda hicho hakikai bure. Kinajaa na kuwa kivimbe, na kivimbe hicho kinakuwa tezi mpya. Wataalamu walikiita kivimbe cha manjano, kwa sababu ya rangi yake kwa ng'ombe. Kama mayai manane yametoka, vivimbe navyo ni vinane.

Kazi ya vivimbe hivi ni kutoa homoni iitwayo projesteroni. Homoni hii hufanya kazi nne:

1. Hulainisha na kuneneza ndani ya mji wa mimba, ili watoto wapate mahali pa kushikamana.
2. Hutuliza mji wa mimba, usijikaze na kuwatupa watoto nje.
3. Huandaa matiti kwa kazi ya maziwa.
4. Hufunga hamu ya jike, asipokee dume tena.

Kama mbegu za dume zilikuwa nzima, mayai yanapata uhai, yanateremka polepole, na siku ya 7 yanashikamana na mji wa mimba. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Siku hizo zote inategemea vivimbe vya ovari. Vikiondolewa, mimba inatoka.

Kama mbegu hazikuwako, vivimbe havijui. Vinaanza kazi kana kwamba watoto wako. Vinatoa projesteroni siku kwa siku, mji wa mimba unanenepa, matiti yanajaa, jike anakataa dume. Siku kumi na tano za kwanza mimba ya uongo na mimba ya kweli hufanana sana, hata mtu wa kutazama kwa macho tu hawezi kuzitenganisha.

FUNGU LA NNE: SIKU YA 16, NJIA ZINAGAWANYIKA

Kuanzia siku ya 16 hivi njia hizi mbili zinaachana.

Kama watoto wako tumboni, wao na kondo zao huupa mwili wa mama ishara ya kwamba wako. Vivimbe vinaendelea na kazi mpaka karibu na siku ya kuzaa. Siku ya 29 au ya 30 projesteroni inashuka sana. Homoni nyingine ziitwazo estrojeni na prolaktini zinapata nguvu. Prolaktini ni homoni ya maziwa, na ndiyo inayoshiriki kumfanya jike anyonyoe manyoya. Manyoya ya kifua na ya tumbo hulegea, jike huyavuta kwa meno na kuyatandika kiotani. Kisha homoni ya oksitosini huukaza mji wa mimba, na watoto wote huzaliwa upesi, mara nyingi katika muda wa nusu saa au chini yake.

Kama watoto hawako, ishara haiji. Ndipo mji wa mimba unatoa kitu kiitwacho prostaglandini, nacho kinavivunja vivimbe. Projesteroni inashuka siku ya 16 hadi ya 18. Na kwa sababu imeshuka, mwili unafanya yale yale unayoyafanya karibu na kuzaa: prolaktini inapanda, jike anabeba majani, ananyonyoa manyoya, maziwa yanaingia. Kwa mwili wake, kushuka kwa projesteroni maana yake ni moja tu, kwamba watoto wanakuja. Jike hakudanganyi kwa kusudi. Yeye mwenyewe amedanganywa na damu yake.

Basi shikeni hesabu hii: kiota cha siku ya 16, 17 au 18 kwa desturi ni cha mimba ya uongo. Kiota cha siku ya 28 na kuendelea ni cha mimba ya kweli.

Mtu akikujia na kusema, "Watoto wa sungura wangu wameibwa," muulize kwanza, "Ulimpeleka kwa dume siku gani?" Kama ni siku 17 zilizopita, hakuna mtoto aliyezaliwa, maana mtoto wa sungura wa siku 17 bado hawezi kuishi nje ya tumbo la mama yake. Tarehe iliyoandikwa kwenye ubao inaweza kumwokoa jirani asiye na kosa.

FUNGU LA TANO: WATU WALIYAJUAJE MAMBO HAYA?

Msifikiri mambo haya ni ya kubuni. Yalichunguzwa na wataalamu wa nchi nyingi, na sungura ndiye aliyewafundisha mengi juu ya mimba ya wanyama wote, hata ya binadamu.

Mwaka 1903 daktari Ludwig Fraenkel alifanya kazi katika mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław, katika nchi ya Polandi. Aliunguza vivimbe vya ovari katika sungura wenye mimba. Mimba zikapotea. Hivyo alionyesha kwamba vivimbe vile ndivyo vinavyoshika mimba.

Mwaka 1905 Walter Heape wa Uingereza alieleza kwamba sungura hatoi yai mpaka apandwe, na kwamba yai hutoka baada ya saa kama kumi.

Kabla ya vita vya 1914, Wafaransa wawili wa mji wa Nancy, Paul Ancel na Pol Bouin, waliwafunga sungura dume njia ya mbegu. Madume hayo yaliweza kupanda, lakini mbegu haikutoka. Majike waliopandwa nayo hawakupata watoto, walakini matiti yao yalikua kama ya wenye mimba. Hiyo ilikuwa mimba ya uongo iliyofanywa kwa makusudi, ili kujua kivimbe peke yake kinaweza kazi gani.

Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen wa Rochester, Marekani, waliwatoa ovari sungura waliokuwa wamepandwa karibuni. Kisha waliwachoma sindano ya dawa iliyokamuliwa katika vivimbe vya ovari za nguruwe. Majike hao wakashika mimba mpaka mwisho. Ndani ya dawa ile ndimo ilimokuwa projesteroni, ambayo ilipatikana peke yake, safi, mwaka 1934.

Mwaka 1931 Maurice Friedman na Maxwell Lapham, nao wa Marekani, walitumia sungura kupima mimba ya mwanamke. Walichukua mkojo wa mwanamke na kumchoma sungura jike katika mshipa. Mkojo wa mwanamke mwenye mimba una homoni itokayo katika kondo, nayo hufanya kazi kama LH. Kwa hiyo mayai ya sungura yalitoka ingawa hakupandwa. Baada ya siku mbili alifunguliwa tumbo na ovari zikatazamwa. Hospitali nyingi za Ulaya na Marekani zilitumia kipimo hicho mpaka katika miaka ya 1960, ndipo vikaja vipimo visivyohitaji mnyama. Siku hizi mama hupimwa kwa karatasi ndogo kwenye kituo cha afya.

Mnaona basi: kipimo kile kiliwezekana kwa sababu ile ile inayowaletea ninyi mimba ya uongo. Sungura anangoja amri. Amri ikija, hata ikitoka mahali pasipofaa, anaitii.

FUNGU LA SITA: SABABU ZA MIMBA YA UONGO KATIKA VIJIJI VYETU

Sababu ya kwanza ni majike kukaa pamoja. Katika vibanda vyetu vingi majike wakubwa watatu au wanne hukaa chumba kimoja. Wanapandana wao kwa wao, na anayepandwa hutoa mayai bure. Mwenyewe hajui jambo hili, kwa maana mara nyingi hufanyika alfajiri au jioni. Kisha humpeleka jike kwa dume, naye anakataa. Au dume akimpanda kwa nguvu, mimba haishiki, kwa sababu mwili umekwisha kuingia katika mimba ya uongo.

Sababu ya pili ni dume asiye na mbegu nzuri. Dume mchanga sana, dume mzee, dume mgonjwa, na dume anayetumiwa kila siku pasipo kupumzika, hao wote wanaweza kupanda na wasizalishe.

Sababu ya tatu ni joto. Sungura ana koti la manyoya na hana jasho la kumpoza. Joto likipita digrii 30 mbegu za dume zinaharibika. Nchi yetu ya Lubumbashi iko juu, kiasi cha mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Lakini mwezi wa Septemba na wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, jua ni kali, na kibanda chenye paa la bati kisicho na kivuli huwa kama tanuru. Tena mbegu mpya huchukua wiki 6 hadi 8 kutengenezwa. Kwa hiyo dume aliyeungua na joto la Oktoba anaweza kuwa mgumba hata Desemba, ingawa mvua zimekwisha kunyesha na yeye anaonekana mzima. Anapanda vizuri, jike anajenga kiota siku ya 17, na mwenyewe anamlaumu jike. Kumbe kosa ni la bati.

Sababu ya nne ni ndogo, lakini iko: kumpapasa jike mgongoni na kiunoni mara kwa mara, kama wafanyavyo watoto wanaompenda. Majike wengine huliona hilo kama kupandwa.

FUNGU LA SABA: JINSI YA KUTAMBUA

Watu wengi humrudisha jike kwa dume baada ya siku chache. Akikataa, wanasema, "Ana mimba." Njia hii si ya kuaminiwa. Tumekwisha kuona kwamba projesteroni hufunga hamu ya jike, nayo iko katika mimba zote mbili. Tena wako majike wenye mimba ya kweli ambao humpokea dume. Kukataa si ushahidi, wala kukubali si ushahidi.

Tumbo kuvimba nako si ushahidi. Sungura aliyeshiba majani mabichi ana tumbo kubwa kuliko mwenye mimba ya wiki mbili.

Njia njema ni kupapasa tumbo siku ya 12 hadi ya 14. Fanya hivi:

1. Mweke jike juu ya meza au ubao wenye gunia, asiteleze. Kichwa chake kielekee kwako.
2. Kwa mkono mmoja shika ngozi iliyolegea juu ya mabega. Usimwinue kwa masikio.
3. Mkono mwingine upitishe chini ya tumbo, mbele kidogo ya miguu ya nyuma. Kidole gumba upande huu, vidole vingine upande ule.
4. Ngoja atulie. Akikaza tumbo hutasikia kitu.
5. Sogeza vidole polepole mbele na nyuma. Kama ana mimba utasikia vitu vya mviringo, laini, vinavyoteleza, kama masuku madogo yaliyopangwa kwenye kamba.
6. Usibane. Ukibana kwa nguvu unaweza kuwaua watoto.

Usichanganye watoto na mavi. Mavi ni magumu, ni madogo zaidi, nayo yako juu, karibu na uti wa mgongo. Mtu asiyezoea ajifunze kwanza kwa kumpapasa jike anayejulikana hana mimba, kisha yule anayejulikana anayo. Baada ya mara kumi mkono utajua wenyewe.

FUNGU LA NANE: LA KUFANYA

Kama jike ana mimba ya uongo, usimchinje, usimpe dawa, wala usimkamue maziwa. Ukimkamua, maziwa yatazidi. Mwache na kiota chake siku moja au mbili, kisha kiondoe na kusafisha kibanda. Mpunguzie pumba kidogo, majani na maji yabaki. Vivimbe vikiisha kuvunjika, mayai mapya hukomaa, na jike huwa tayari sana kumpokea dume. Kwa hiyo mpeleke kwa dume mzima kuanzia siku ya 18 mpaka ya 20. Wafugaji wengi wanachinja jike katika siku zile zile ambazo angeshika mimba kwa urahisi.

Ili mimba ya uongo isitokee, fanya haya:

Watenge watoto wakifika miezi mitatu, madume kando na majike kando. Jike anayekaribia umri wa kuzaa, yaani miezi minne au mitano, awe na chumba chake peke yake.

Jike uliyemnunua sokoni, au aliyekaa na majike wengine, mweke peke yake siku 18 kamili kabla ya kumpeleka kwa dume. Kama alikuwa na mimba ya uongo itakwisha. Kama alikuwa na mimba ya kweli, kumpapasa kutakuambia.

Mpeleke jike kwenye kibanda cha dume, usimpeleke dume kwa jike, kwa sababu jike hulinda chumba chake na anaweza kumpiga. Fanya hivyo asubuhi mapema au jioni. Simama utazame. Dume akimaliza huanguka kando, na mara nyingi hulia kidogo. Kisha mtoe jike.

Usimtumie dume kila siku. Mpe siku za kupumzika kila wiki. Kibanda chake kiwe chini ya mti au chenye paa la nyasi, na maji yasikose. Mwezi wa Oktoba weka nyasi nene juu ya bati. Kama majike wawili au watatu wa dume mmoja wamepata mimba ya uongo mfululizo, usiwalaumu majike. Jaribu dume mwingine.

Neno moja juu ya majani. Jike mwenye mimba anahitaji majani safi kila siku: majani ya viazi vitamu, ya karanga, lengalenga, nyasi za shamba, na pumba ya mahindi kidogo. Yaliyoloweshwa na umande yaanikwe kwanza. Lakini ninyi mnaokaa karibu na mitambo, angalieni mahali mnapokata. Udongo ulio upande ambako upepo ulipeleka moshi wa bomba kubwa la Lubumbashi umejaa shaba na madini mengine tangu kuyeyusha shaba kulipoanza mwaka 1911, hata sehemu nyingine haziotshi mti. Vivyo hivyo kando ya mito inayopokea maji ya kuoshea madini. Msikate majani hapo, wala msichote hapo maji ya sungura. Nyama yake ni ninyi mtakaoila pamoja na watoto wenu.

FUNGU LA TISA: KALENDA YA SUNGURA

Chukua kipande cha ubao, kitundike juu ya kibanda, na uandike kwa makala tarehe ya kupandwa. Siku ya kupandwa haihesabiwi. Huu ni mfano wa jike aliyepandwa tarehe 3 Mei:

Siku ya 12 hadi 14, yaani 15 hadi 17 Mei: papasa tumbo.
Siku ya 16 hadi 18, yaani 19 hadi 21 Mei: akijenga kiota sasa, na hukusikia watoto ulipopapasa, ni mimba ya uongo.
Siku ya 18 hadi 20, yaani 21 hadi 23 Mei: mwenye mimba ya uongo arudishwe kwa dume.
Siku ya 28, yaani 31 Mei: mwenye mimba ya kweli apewe sanduku la kuzalia lenye majani makavu.
Siku ya 31, yaani 3 Juni: atazaa. Wengine huzaa siku moja au mbili kabla au baada.

Akiisha kuzaa, tazama kiota mara moja, ondoa waliokufa, kisha umwache. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika chache. Ukimwona amekaa mbali na watoto mchana kutwa, usidhani amewakataa. Ukiona matumbo ya watoto yamejaa na ngozi yao haina mikunjo, jua wamenyonya.

Sasa hesabuni hasara. Mimba moja ya uongo hula siku 18. Jike akipata mimba tatu za uongo kwa mwaka, siku 54 zimepotea. Ndani ya siku 54 angeweza kubeba mimba ya kweli siku 31 na kunyonyesha siku 23. Ni kama uzao mmoja mzima umepotea, watoto watano au sita. Mwenye majike wanne amepoteza watoto ishirini au zaidi kwa mwaka, na hakuna mwizi aliyeingia kwake.

Ubao na kipande cha makala havinunuliwi. Anayeandika tarehe atajua jike wa kumngoja, jike wa kumrudisha kwa dume, na dume wa kumbadilisha. Naye hatamchinja jike mzuri, wala hatagombana na jirani yake.

MAULIZO

1. Mayai ya sungura hutoka wakati gani? Ni tofauti gani na ng'ombe?
2. Taja kazi nne za projesteroni.
3. Kwa nini mimba ya uongo hufanana na mimba ya kweli mpaka siku ya 16?
4. Jike wako amekataa dume siku ya 8. Je, waweza kusema ana mimba? Eleza.
5. Jike alipandwa tarehe 10 Agosti, akajenga kiota tarehe 27 Agosti, wala hakuna watoto. Je, wameibwa? Hesabu siku.
6. Dume anapanda vizuri mwezi wa Novemba lakini majike hawazai. Utamtazamia sababu gani, na utafanya nini?
7. Pima kibanda chako mwenyewe: majike wangapi wakubwa wanakaa pamoja sasa? Utawatenga namna gani wiki hii?